Konekta za waya wa dishi: namna ya kuzifunga, kuzikinga na maji na kuzitunza

Masika moja niliitwa kwenye nyumba ya Raskazone, Tanga, hatua chache kutoka baharini. Mama mwenye nyumba alinipokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Dishi limehama. Chaneli nyingine zinaonyesha, nyingine hakuna kitu. Fundi aliyetangulia kasema ninunue dishi na LNB yake."

Nilipanda juu na spana. Dishi lilikuwa palepale lilipofungwa, nati zake zina kutu ya miaka na hakuna iliyoguswa. Nilipoifungua konekta, kile kichwa cha kuungia waya, nyuma ya LNB, yaani kifaa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, yalitoka maji, tone la kwanza, la pili, na waya wa shaba ulikuwa umevaa unga wa kijani. Nikakata waya nusu mita, nikafunga konekta mpya, nikazungushia tepu. Niliposhuka, chaneli zote zilikuwa zimerudi, na mama hakununua dishi.

Naandika mwongozo huu kwa ajili ya watu kama yeye, na kwa vijana wanaoanza kazi hii. Inaniuma kuona familia inauziwa dishi jipya au king'amuzi kipya wakati kilichokufa ni kipande cha chuma cha bei ndogo kuliko vyote vilivyoko juu ya paa.

Kwanza ujue unachokishika

Waya wa dishi kwa jina la kitaalamu ni kebo ya koaksia. Ukiukata na kuutazama kwa mbele utaona tabaka zimezungukana kama za kitunguu. Katikati kuna waya mmoja mgumu wa rangi ya shaba. Unafuatiwa na povu jeupe la plastiki, halafu karatasi ya alumini na wavu wa nyuzi nyembamba, na nje kabisa ganda jeusi au jeupe. Karatasi na wavu kwa pamoja ni ngao: zinazuia mawimbi ya nje yasiingie na ya ndani yasitoke. Mwingereza Oliver Heaviside aliusajili muundo huu mwaka 1880, kabla hata televisheni haijakuwepo, na mpaka leo haujapata mpinzani kwa kazi hii.

Konekta tunayofunga kwenye dishi inaitwa konekta ya F. Ilibuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya televisheni ya kebo, na lengo lilikuwa kupata kitu rahisi cha kufunga majumbani. Urahisi wake unatokana na jambo moja: konekta ya F haina pini yake. Pini ni ule waya wako wa shaba wa katikati. Ukiukata vizuri, umetengeneza pini nzuri. Ukiukwaruza au ukiupinda, umetengeneza pini mbovu, na hakuna kiwanda cha kulaumu. Kwa hiyo kazi yote ya konekta iko kwenye sentimita mbili za mwisho za waya.

Kingine cha kujua ni kwamba LNB haina betri. Umeme wake unapanda kutoka kwenye king'amuzi, ndani ya waya uleule unaoshusha picha. King'amuzi kikipeleka volti 13, LNB ya kawaida inapokea mawimbi ya wima; kikipeleka volti 18, inageukia ya mlalo. Sasa fikiria konekta imeoza. Uozo unakula volti njiani, 18 inafika juu ikiwa 14, na LNB inadhani imetumiwa 13. Chaneli za wima zinabaki, za mlalo zinapotea zote. Ndiyo hali iliyokuwa kwa yule mama. Dishi lililohama kweli huwa halichagui hivyo. Linadhoofisha pande zote mbili. Kwa hiyo mteja akikuambia chaneli nusu zipo na nusu hazipo, anza na konekta kabla hujagusa nati ya dishi.

Kununua

Waya wa dishi majumbani ni RG6, wenye unene wa karibu milimita 7 ukijumlisha ganda. Kuna mwembamba wake, RG59, wa milimita 6 na kidogo, ambao sana sana utaukuta kwenye kamera za ulinzi. Zote mbili ni za omu 75, lakini konekta zake si moja. Konekta ya RG6 kwenye waya wa RG59 inacheza na kuchomoka. Ya RG59 kwenye RG6 inachana wavu. Soma maandishi kwenye ganda la waya, kisha omba konekta ya namba hiyohiyo. Nyaya za redio za mawasiliano ni za omu 50 na zina konekta zake nyingine, usizichanganye na hizi.

Nenda dukani na sumaku ndogo. Konekta nzuri ni ya shaba nyeupe iliyopakwa nikeli, na sumaku haiishiki kwa nguvu. Ikirukia kwenye sumaku kama msumari, ndani ni chuma, na pwani chuma hakina maisha: kaskazi na kusi zote zinaleta chumvi. Sumaku hiyohiyo ijaribu kwenye waya wa kati. Nyaya nyingi sokoni ni chuma kilichovikwa shaba. Si kosa, zinafanya kazi, ila inakubidi uwe mwangalifu zaidi usiikwaruze shaba, na nitaeleza sababu mbele.

Aina za konekta ni tatu: ya kuzungusha kwa mkono, ya kubana kwa plaizi maalumu, na ya kugandamiza. Ya kuzungusha ndiyo imejaa madukani kwa sababu haihitaji kifaa. Mimi naikubali ndani ya nyumba tu. Juu ya paa naweka ya kugandamiza, kwa sababu inashika ganda la waya mzunguko mzima na haiachi mwanya wa maji nyuma. Koleo lake linagharimu, lakini fundi akinunua moja linamlisha miaka. Mwenye nyumba anaweza kuazima. Ile ya kubana ipo katikati ya hizo mbili, na sina mengi ya kusema juu yake.

Vifaa vingine: kisu chenye makali mapya au kifaa cha kumenyea waya, plaizi ya kukatia, spana ya namba 11, rula, multimita (kifaa cha kupimia umeme), tepu ya mpira ile inayojishika yenyewe ukiivuta, na tepu nyeusi ya umeme.

Hatua ya 1: Chomoa umeme

Kuzima kwa rimoti hakutoshi. Chomoa king'amuzi kwenye soketi. Waya wa dishi unaweza kuwa na volti ndani, na ukigusisha waya wa kati na ngao wakati unafungua, umepiga shoti. King'amuzi kizuri kitajikinga na kuandika ujumbe kwenye kioo; kingine kitaungua sehemu ya kulishia LNB, na hasara hiyo ni yako.

Kama unapanda paani, tazama kwanza nyaya za umeme wa mtaani zinapita wapi. Na mawingu yakishajikusanya, kazi iahirishwe.

Hatua ya 2: Kata ncha upya

Hata kama waya ni mpya, kata sentimita moja au mbili uanze na ncha safi iliyokatwa sawasawa. Waya uliobonyea na kuwa bapa kwenye ncha haufai; kata zaidi mpaka upate duara.

Hatua ya 3: Menya

Hii ndiyo hatua inayoharibiwa kuliko zote, basi iendee polepole.

Pima milimita 10 kutoka kwenye ncha. Zungusha kisu kikate ganda, wavu na karibu povu lote, lakini kisifike kwenye shaba. Unene mdogo wa povu uliobaki utakatika wenyewe ukizungusha na kuvuta kwa vidole. Kisha pima milimita 6 nyingine kurudi nyuma, na hapo ukate ganda peke yake. Ganda likitoka unabaki na ngazi mbili: shaba tupu mbele, na nyuma yake povu lililovikwa karatasi na wavu. Konekta nyingine zina vipimo vyake kwenye pakiti; vikiwepo, vifuate.

Kwa nini nakataza kisu kugusa shaba? Kwa sababu mawimbi ya kasi hii hayapiti katikati ya waya. Yanatembea juu juu, kwenye ngozi ya shaba. Kwenye megahezi 1000 ngozi hiyo ina unene wa karibu sehemu mbili tu kati ya elfu moja za milimita. LNB inateremsha mawimbi ya megahezi 950 hadi 2150, kwa hiyo mchubuko ambao jicho halioni vizuri kwake ni shimo barabarani. Na kama ndani ni chuma, pale ulipokwaruza kutu itaanzia, na siku moja pini itakatikia ndani ya tundu la LNB.

Ukitazama shaba mwangani utaona utando mwembamba unaong'aa, mabaki ya povu. Utoe kwa ukucha au kitambaa kikavu. Watu wengi wanaukwangua kwa kisu. Wanatoa plastiki pamoja na shaba.

Hatua ya 4: Rudisha wavu nyuma

Kunja nyuzi zote za wavu zirudi nyuma juu ya ganda, kama unavyokunja mkono wa shati. Karatasi ya alumini iache ilipo, imelala juu ya povu. Sasa tumia dakika moja nzima kuangalia kitu kimoja: je, kuna unywele hata mmoja wa wavu uliobaki mbele na kuegemea shaba? Unywele huo mmoja unatosha kupiga shoti. Upitishe kidole kuzunguka, geuza waya mwangani, angalia tena. Nimewahi kushuka na kupanda paa moja mara tatu kwa ajili ya uzi mwembamba kuliko unywele wa mtoto, na tangu siku hiyo dakika hiyo siiruki.

Hatua ya 5: Ingiza konekta

Ya kugandamiza ina bomba dogo ndani. Bomba hilo lazima lipite kati ya karatasi na wavu: karatasi na povu ndani yake, wavu nje yake. Sukuma moja kwa moja, ukizungusha kidogo kama ni ngumu. Ya kuzungusha unaifunga kama skrubu juu ya wavu uliokunjwa.

Utajua imefika namna gani? Tazama ndani ya konekta kwa mbele. Povu jeupe linatakiwa kulingana na sakafu ya konekta, lisizame ndani, lisichomoze. Likiwa limezama, konekta haijaingia vya kutosha na ngao haishiki. Usiridhike na "karibu". Ikilingana, igandamize kwa koleo mara moja mpaka mwisho, kisha ivute kwa nguvu ya mkono. Ikitoka, shukuru imetoka ukiwa chini. Kata uanze upya na konekta nyingine, maana iliyokwishagandamizwa haitumiki tena.

Malizia kwa kupunguza pini. Shaba ichomoze milimita 3 hivi kupita ukingo wa nati. Fupi zaidi haifiki kwenye kishikio ndani ya tundu, picha inakuja na kuondoka. Ndefu zaidi inagonga nyuma na kuharibu tundu. Kata kwa plaizi kali, na kama ncha imebaki na kijiwembe, kisugue kitoke.

Hatua ya 6: Pima kabla hujapanda

Waya ukiwa haujaunganishwa pande zote mbili, weka multimita kwenye omu, mguu mmoja kwenye pini na mwingine kwenye mwili wa konekta. Isisome chochote. Ikisoma, kuna unywele uliokuponyoka. Kisha mwenzako agusishe pini na mwili kwa kipande cha waya upande wa pili. Sasa usomaji uwe omu chache tu. Ukikuta makumi, mahali fulani kuna uozo au pini haishiki.

Tahadhari moja: usichomeke ncha nene ya multimita ndani ya tundu la LNB au king'amuzi. Kishikio cha ndani ni vibati viwili laini vinavyobana pini. Ukivipanua havirudi, na kuanzia hapo hata konekta nzuri italegea.

Hatua ya 7: Funga

Ingiza pini ikiwa imenyooka, sambamba na tundu. Shika waya kwa mkono mmoja usizunguke, na mkono mwingine uzungushe nati peke yake. Ukizungusha waya mzima, pini inazunguka ndani ya kishikio na kukikwangua. Nati ikigoma mapema, meno hayajakaa sawa. Irudishe uanze tena, usiilazimishe.

Ikikaza kwa vidole, ya nje iongezee robo ya mzunguko kwa spana. Nyuma ya king'amuzi nguvu ya vidole na kuigusa kidogo tu kwa spana vinatosha, kwa sababu tundu lile limechomelewa kwenye bodi na linang'oka.

Kuzuia maji

Ukifunga vizuri na ukaacha maji yaingie, umefanya kazi ya miezi michache. Maji yakishapata mwanya kwenye konekta hayakai hapo. Yanasafiri ndani ya wavu kama mafuta yanavyopanda utambi wa koroboi, na yanaacha chumvi kila yanapokauka.

Dawa ya kwanza ni ya bure. Kabla waya haujaingia kwenye LNB, uteremshe kidogo halafu upande, ufanye tumbo kama la bembea. Mvua inatiririka juu ya waya hadi chini ya tumbo na kudondoka hapo badala ya kufuata waya mpaka kwenye konekta. Fanya tumbo jingine pale waya unapoingia ukutani, na tundu la ukuta litobolewe likiinamia nje.

Kisha tepu ya mpira. Ivute mpaka iwe karibu mara mbili ya urefu wake, uanze kuizungusha kwenye waya, chini ya konekta, ukipanda kuelekea LNB, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Unaezeka kama makuti: unaanza chini, na la juu linalalia la chini, maji yanateleza nje. Ukianza juu ukashuka, kila ukingo unakuwa mdomo wa kunywea maji. Juu ya mpira zungusha tepu nyeusi kwa mtindo uleule ili jua lisiupasue mpira. Tepu nyeusi peke yake haifai. Gundi yake inayeyuka kwa joto na baada ya muda inafunguka yenyewe.

Kuna wanaojaza silikoni ya madirishani. Inuse kwanza. Ikitoa harufu ya siki, iweke mbali: ile ni asidi inayotoka wakati inakauka, na inakula shaba uliyotaka kuilinda. Kama LNB yako ina kile kikombe cha plastiki kinachoteremka kufunika konekta, kiteremshe. Wengi wanakiacha juu bila sababu.

Matunzo ya kila mwaka

Kagua konekta za nje mara mbili, kabla ya masika na kabla ya vuli. Huna haja ya kufungua kila kitu. Tazama kama tepu imepasuka, kama nati ina unga mweupe au wa kijani, kama waya umekazwa ukavuta konekta. Ukiona dalili, hapo ndipo unafungua.

Ukikuta shaba imekuwa ya kijani au wavu umekuwa mweusi, usifute ukarudishia. Kata waya kurudi nyuma mpaka ukute wavu unaong'aa na povu jeupe. Kwa kawaida nusu mita inatosha. Ukikata mita mbili na bado ni mweusi, maji yameenda mbali. Badilisha waya wote. Angalia pia tundu la LNB lenyewe, kwa sababu konekta mpya kwenye tundu lililooza haitadumu.

Waya ukiwa umekatika katikati, unganisha kwa konekta mbili na kiungo cha katikati chenye meno pande zote. Kusokota nyaya kwa mkono na kufunga tepu kunavunja ule mpangilio wa tabaka, mawimbi yanagonga hapo na kurudi. Kila kiungo kina hasara yake, kwa hiyo bora kiwe kimoja, na kiwe ndani ya nyumba. Urefu wenyewe usikutishe: RG6 nzuri ya mita 100 inapoteza karibu desibeli 20 kwenye megahezi 1000, na nyumba nyingi hazifiki hata theluthi ya urefu huo.

Usipinde waya kwa kona kali. Mpindo uwe na nusu kipenyo cha sentimita 7 au zaidi. Nyuma ya televisheni, kabati linapoegemezwa ukutani ndipo konekta nyingi zinapovunjika shingo. Vuta kabati mbele kidogo, au weka konekta ya kona. Ukihama nyumba, fungua nati kwa vidole, usivute waya, na vifunike vichwa vya konekta kwa kipande cha nailoni kilichofungwa na mpira wa pesa.

Radi ni habari nyingine, na konekta haiizuii. Ukisikia inakaribia, kama bado iko mbali, chomoa king'amuzi kwenye umeme na ufungue waya wa dishi. Ikishafika juu yako, usiguse.

Ukimaliza kazi, andika tarehe kwenye kipande cha tepu na ukibandike kwenye waya upande wa ndani, karibu na king'amuzi. Ya nje jua linaifuta kabla mwaka haujaisha.